JINA NI LA KAMPUNI, JASHO NI LA NANI?



Simameni jioni moja katika kituo chochote cha mafuta kando ya barabara kuu, mahali ambapo Watanzania wengi hupaita "sheli" hata kama bango lake ni la kampuni nyingine kabisa. Tazameni juu: nembo inang'aa kwa taa, na rangi zake ni zile zile za vituo vyote vya kampuni hiyo, tangu Dar es Salaam hadi Kigoma. Tazameni mbele yenu: amesimama kijana, wa kike au wa kiume, amevaa sare ya rangi hizo hizo, na jina la kampuni limeshonwa kifuani pake. Sasa mwulizeni swali moja tu: Mwajiri wako ni nani?

Swali hilo tumeliuliza katika vikao vya jumuiya zetu ndogo ndogo, kwa kuwa wahudumu wa pampu ni wanajumuiya wenzetu. Wengi walijibu kwa kusitasita. Wengine walitaja jina lililo kifuani pao. Wengine walimtaja "bosi", ambaye humwona kwa nadra. Wengine walimtaja meneja, ambaye naye ni mwajiriwa kama wao. Mtu afanyaye kazi usiku na mchana bila kujua ni nani anayewajibika kwake, huyo amekwisha kunyang'anywa kitu hata kabla hajakatwa mshahara.

Ndiyo maana tumeandika kijitabu hiki. Tunataka kusema wazi kwamba mhudumu huyu ana mwajiri. Kwamba mwajiri huyo ana wajibu. Na kwamba kampuni yenye jina haiwezi kunawa mikono.

1. Biashara ya kukodi jina

Katika nyakati zetu umeenea utaratibu wa biashara ambao zamani haukujulikana sana kwetu. Kampuni yenye jina kubwa, nembo, rangi na taratibu zake humpa mfanyabiashara mwingine ruhusa ya kuendesha biashara kwa jina hilo. Mfanyabiashara huyo hulipa ada au hukubali kununua bidhaa kwa kampuni ile peke yake, na hufungwa na masharti mengi. Hivyo ndivyo yanavyoendeshwa maduka na migahawa mingi yenye majina ya kimataifa, na vituo vingi vya mafuta katika nchi yetu hufuata njia iliyo karibu sana na hiyo. Kituo kina bango la kampuni, lakini anayekiendesha, kupokea fedha na kuajiri watu ni mtu mwingine.

Sisi hatulaumu utaratibu wenyewe. Mtu mwenye mtaji mdogo hupata njia ya kuingia katika biashara, na vijana hupata ajira. Tunacholaumu ni ule ufa unaoachwa katikati, ambamo mfanyakazi hutumbukia. Akienda kwa kampuni kudai haki yake, huambiwa: "Wewe si mtu wetu, nenda kwa mwenye kituo." Akienda kwa mwenye kituo, huambiwa: "Mimi nami nimebanwa, kampuni ndiyo inayochukua kila kitu." Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa fahali hawapigani hata kidogo. Wanasukumiana lawama kwa upole, na nyasi zinakanyagwa vile vile.

2. Daftari la "shoti"

Tuangalie jambo moja kwa makini, kwa sababu ndani yake maovu mengine yote yanaonekana.

Mwanzo wa zamu, namba za mita ya pampu huandikwa. Mwisho wa zamu huandikwa tena. Tofauti ya lita huzidishwa kwa bei, na jibu lake ndizo fedha ambazo mhudumu hana budi kukabidhi. Zikipungua, upungufu huo huitwa "shoti", na katika vituo vingi shoti ni deni la mhudumu.

Hesabu hiyo ni safi kwenye karatasi. Lakini mita hujua lita tu. Haijui kwamba dereva alijaziwa tangi akaondoka bila kulipa. Haijui kwamba saa nane za usiku noti bandia hufanana na noti halali. Haijui kwamba mteja alionyesha ujumbe wa malipo ya simu, na fedha hazikuingia. Haijui kwamba mwenye gari alisema "petroli" kumbe gari ni la dizeli. Mambo haya yote ni hatari za kawaida za biashara ya mafuta, na mwenye biashara ndiye aliyekubali kuzibeba siku alipoamua kutafuta faida yake.

Dada mmoja, ambaye tunalihifadhi jina lake pamoja na jina la kituo chake, alitusimulia hivi. Usiku mmoja alikuwa peke yake pampuni. Lori lilijazwa dizeli, na dereva akasema anafuata fedha kwa mwenzake aliyeketi upande wa pili. Lori likaondoka. Asubuhi hakuulizwa kama ameumia au ameogopa. Aliulizwa: "Utalipa kwa mafungu mangapi?" Kwa miezi mitatu alipokea nusu ya mshahara. Hakupewa karatasi yoyote yenye hesabu ya deni. Mlinzi hakuwapo usiku ule kwa sababu mwenye kituo alikuwa amepunguza gharama. Hivyo mwenye kituo aliokoa fedha za mlinzi, na dada yule akalipa gharama ya kutokuwapo kwake. Katika miezi hiyo mitatu mtoto wake alikaa nyumbani bila kwenda shule.

Huo ndio mfumo tunaoupinga: faida hupanda kwenda juu, hasara hushuka kwenda chini. Inapopatikana faida, mhudumu haitwi mshirika. Inapopatikana hasara, ghafla yeye ndiye mshirika wa kwanza, na pengine wa pekee.

3. Sheria inasema nini

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya huruma tu, kwamba mwajiri mwema atatenda na asiye mwema hana wa kumwuliza. La hasha. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huo huo. Kila mwenye kituo, awe na pampu mbili au ishirini, amefungwa nazo.

Kuhusu makato, Sheria hairuhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara kwa kujiamulia. Mfanyakazi awe amekubali deni hilo kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe maelezo ya maandishi yenye sababu, kiasi na hesabu ya deni. Apewe nafasi ya kutosha ya kulipinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Pimeni kisa cha dada yule kwa vipimo hivi. Hakuna hata kimoja ambacho mwajiri wake alikitimiza.

Kuhusu saa za kazi, kiwango cha kawaida ni saa 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, tena hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne. Sasa tufanye hesabu. Mhudumu wa zamu ya saa 12 kwa siku sita hukaa kazini saa 72. Tukiondoa hata saa moja ya mapumziko kila siku, ambayo wengi hawaipati, zinabaki 66. Hizo zinazidi 45 kwa saa 21 kila wiki, yaani saa 84 katika wiki nne. Je, ni wangapi wanaolipwa saa hizo? Na anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Ni wangapi waliowahi hata kuisikia?

Kuhusu mkataba, mwajiri analazimika kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi juu ya kazi yake, saa zake na ujira wake. Mwajiri akishindwa kuyatoa penye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa huwa juu yake. Kwa hiyo wale wanaojigamba kwamba "hapa kwangu hakuna karatasi" wajue kwamba wanajifunga wenyewe. Nao wasemao "hawa ni vibarua tu, si waajiriwa" wasome Sheria ya Taasisi za Kazi. Mtu ambaye kazi yake na saa zake husimamiwa na mwingine, anayepewa vitendea kazi na kumtegemea huyo kwa riziki yake, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kuna pia jambo la afya. Mvuke wa petroli una benzini, kemikali ambayo wataalamu wa afya duniani wameiweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Mteja huivuta kwa dakika chache, mhudumu huivuta zamu nzima, mwaka baada ya mwaka. Mama mjamzito naye asipangiwe zamu ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotazamiwa kujifungua, na asipewe kazi ya kuhatarisha afya yake au ya mtoto. Na iwapo mfanyakazi ameumia au ameugua kwa sababu ya kazi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Kumkata mfanyakazi mchango huo ni dhuluma.

4. Visingizio tunavyovisikia

Kisingizio cha kwanza: "Faida ni ndogo." Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, na ndani ya hesabu ya bei hizo limo fungu la mwenye kituo. Huenda fungu hilo ni dogo kwa baadhi yao, hasa vijijini. Lakini tunauliza: mwenye kituo alipokubali mkataba alihesabu gharama ya umeme, kodi, usafiri na ada, kwa nini mshahara wa halali uwe ndiyo gharama pekee inayoweza kupunguzwa bila kumwuliza mtu? Kama mkataba haumwezeshi kulipa watu wake, basi aurudishe mezani. Wenye vituo wana chama chao. Wamekitumia kudai mambo yao mbele ya serikali, na wakitumie pia kuyaambia makampuni kwamba mkataba usiobeba mshahara wa halali si mkataba wa haki.

Kisingizio cha pili: "Vijana wenyewe ni wezi." Wapo waibao, na hatuwatetei. Lakini mwizi ana utaratibu wake: ushahidi, nafasi ya kujitetea, hatua za nidhamu, polisi ikibidi. Kumkata kila mtu kwa kuwa yupo mmoja aliyeiba ni kuwaadhibu wasio na hatia. Tena mwajiri anayelipa pungufu ya haki na kisha kushangaa kwamba fedha zinapotea, ajiulize kwanza ni nani aliyetangulia kuchukua kisicho chake.

Kisingizio cha tatu: "Asiyetaka aondoke, wako wengi nje wanaoitafuta kazi hii." Hili ndilo neno baya kuliko yote, kwa sababu linaifanya njaa ya mtu kuwa kiboko cha kumpigia mwenzake. Tangu 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, Papa Leo wa 13 alifundisha kwamba mapatano hayawi ya haki kwa sababu tu mfanyakazi ameyakubali. Akiyakubali kwa kubanwa na shida, amedhulumiwa. Ndugu zetu Waislamu nao wamefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hakuna dini katika nchi yetu inayobariki kauli ile.

5. Mwajiri aliye mbali

Hadi hapa tumesema na mwenye kituo, maana yeye ndiye wa kwanza kuwajibika. Sasa twasema na kampuni yenye jina.

Katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa 2 alitofautisha mwajiri wa moja kwa moja na mwajiri asiye wa moja kwa moja. Wa kwanza ni yule anayefanya mapatano na mfanyakazi. Wa pili ni wale wote ambao kwa nguvu zao, mikataba yao na taratibu zao huweka mipaka ambayo mapatano hayo hufanyika ndani yake. Huyu wa pili hamwoni mfanyakazi usoni, lakini mkono wake umo katika mshahara wa mfanyakazi huyo.

Kampuni husema: "Hatuhusiki na wafanyakazi wa mwenye kituo." Lakini ni kampuni hiyo hiyo inayoweza kuamua rangi ya ukuta, ukubwa wa bango, mshono wa sare na maneno ya kumkaribisha mteja. Hutuma wakaguzi kuona kama choo ni safi na kama mafuta hayakuchanganywa. Wakala wa Vipimo nao hukagua pampu ili mteja asipunjwe. Basi imekuwaje kwamba katika kituo kimoja hukaguliwa pampu, mafuta, choo na rangi, na kitu pekee kisichokaguliwa ni mshahara wa mtu aliyeshika pampu? Anayeweza kujua urefu wa mkono wa shati la mhudumu anaweza kujua pia kama mhudumu huyo ana mkataba.

Wengine watasema kwamba jambo hili haliwezekani kisheria. Limewezekana kwingine. Mwaka 2015 vyombo vya habari nchini Australia vilifichua kwamba katika maduka ya 7-Eleven, yaliyoendeshwa na wafanyabiashara waliokodi jina hilo, wafanyakazi wengi walilipwa chini ya kima cha sheria, na kumbukumbu za saa zao zilipotoshwa. Wengi wao walikuwa wanafunzi kutoka nchi za nje walioogopa kulalamika. Kashfa ile ilikuwa kubwa, na mwaka 2017 Bunge la nchi hiyo likabadili sheria ya kazi. Tangu hapo, kampuni yenye jina, ikiwa ina uwezo mkubwa wa kusimamia mambo ya mwenye duka, na ikiwa ilijua au ilipaswa kujua kwamba haki za wafanyakazi zinavunjwa, nayo hujibu, isipokuwa ionyeshe kwamba ilichukua hatua za kufaa kuzuia. Biashara haikufa kwa sababu hiyo. Nasi tunaomba Bunge letu lilitazame jambo hili.

6. Tusijisahau

Hatuwezi kuandika haya bila kujitazama. Baadhi ya wenye vituo ni waamini wenzetu. Majina yao husomwa kwa sauti wakati wa harambee za ujenzi wa makanisa, nasi huwapigia makofi. Tunawashukuru kwa ukarimu wao. Lakini tunawaambia kwa upendo kwamba matofali yaliyonunuliwa kwa mshahara wa mwingine hayajengi nyumba ya Mungu. Afadhali mchango mdogo wenye mikono safi.

Hali kadhalika, taasisi zetu za Kanisa, yaani shule, hospitali na hosteli, mara nyingi hupata walinzi na wafanya usafi kupitia makampuni mengine. Je, tumewahi kuuliza walinzi hao wanalipwa nini? Au nasi tumejifunza kusema, "Hao si watu wetu"? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Na sisi tusiwe miongoni mwa wauonao mwepesi.

7. Tunayodai

Kwa wenye vituo: toeni mikataba ya maandishi. Komesheni makato ya shoti yasiyofuata sheria. Lipeni saa za ziada na za usiku. Wekeni mlinzi na taa. Pelekeni michango ya hifadhi ya jamii mliyokwisha kuwakata wafanyakazi. Kuikata na kuizuia ni kuiba mara mbili, leo na uzeeni.

Kwa makampuni yenye majina: ingizeni haki za wafanyakazi katika mikataba yenu na wenye vituo, na wakaguzi wenu wakague daftari la mishahara kama wakaguavyo mafuta. Bandikeni kituoni jina la mwajiri na mahali pa kupeleka malalamiko.

Kwa serikali: wapeni maofisa wa kazi uwezo wa kufika vituoni, na wafike usiku pia.

Kwa wahudumu wenyewe: andikeni saa zenu, tunzeni kila karatasi, jiungeni na chama cha wafanyakazi. Mkiachishwa kazi isivyo haki, pelekeni shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa madai mengine ni ndani ya siku 60. Msingoje hadi muda upite. Ndugu wengi wamekosa haki yao kwa sababu tu walichelewa.

Kwa sisi sote tunaonunua mafuta: tumwangalie mtu aliyeshika pampu. Tulipe kwa uaminifu, tungoje malipo ya simu yathibitike, maana ulaghai wetu hauigusi kampuni, unaukata mshahara wake.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni nani katika jumuiya yetu anafanya kazi chini ya jina la kampuni ambayo si mwajiri wake? Tumewahi kumsikiliza?

2. Je, sisi wenyewe tumewahi kumkata mfanyakazi wetu wa nyumbani au wa dukani kwa hasara ambayo hakuisababisha?

3. Ni hatua gani moja tunayoweza kuichukua mwezi huu, pamoja, kwa ajili ya wahudumu wa kituo kilicho karibu nasi?